Mfunue Shuka Kwanza

Kama mama yako amelala kitandani, iwe kwako au kwenye makao ya wazee, na kila ukimsalimia anakujibu hajambo, usimwamini. Mfunue shuka kwanza. Mimi nina wajukuu wanaonyoa ndevu, na nakwambia sisi wazee ni waongo wa adabu. Tunasema hatujambo huku tunaoza. Mimi nimeoza, kwa hiyo najua ninachosema.

Naitwa Mama Kulwa. Kulwa na Doto ni mapacha wangu. Kulwa, wa kiume, anachimba dhahabu Nyarugusu. Doto, wa kike, ana mgahawa Rwamgasa, na upishi kaurithi kwangu, maana nimewapikia wachimbaji tangu hao mapacha hawajaota meno. Moshi wa kuni umeniachia macho mekundu yasiyotibika. Sasa huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu huitwa mchawi, akae chonjo. Nilipozeeka nilirudi kijijini kwa marehemu mume wangu, upande wa Runzewe. Mtoto wa jirani akaugua, na watu wakaanza kunyamaza kila nikipita kisimani. Kulwa hakusubiri wamalize kunyamaza. Alinipakia na sanduku langu akanileta kwenye makao ya wazee nje kidogo ya mji wa Shinyanga.

"Hapa utakuwa salama, mama," alisema.

Mashemeji zangu wakapiga simu kulaumu. Msukuma gani anampeleka mzazi wake akalelewe na watu baki? Hao hao walionyamaza kisimani. Niliwajibu kwamba kulelewa na watu baki si aibu kama kukatwa panga na ndugu, kisha nikazima simu.

Makao yenyewe ukiyaona utayapenda. Ukuta mweupe, maua mlangoni, vyandarua vipya. Kila kitanda kina kitufe cha kengele ukutani, chekundu, cha kumwita mhudumu. Bafuni kuna bomba la chuma la kujishikilia. Chumba chetu tulikuwa wawili, mimi na Bibi Minza, mama wa Kisukuma wa zamani hasa, aliyekuwa akiumwa sukari na kutembea kwa fimbo kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi. Adabu yake ilikuwa inanichosha. Hata paka akiingia chumbani Minza alimkaribisha.

Nilianguka asubuhi moja, wakati watu wanavuna pamba. Sakafu ya bafu ilikuwa na sabuni, mguu ukateleza, nikalishika lile bomba. Likang'oka. Nilikwenda nalo chini, na plasta yake. Nililala pale na chuma mkononi, nyonga imekatika, na kitu nilichokihisi kwanza si maumivu, ni hasira. Walilitundika pale ili lionekane.

Hospitali kubwa tulikaa kwenye korido, mimi juu ya machela, Suzana mhudumu wetu amesimama kwa sababu benchi lilikuwa limejaa. Foleni ya picha, kisha foleni ya daktari wa kuisoma picha, kisha kungoja upasuaji uliokuwa unasogezwa kila kukicha kwa sababu ameletwa mtu mwenye hali mbaya zaidi. Kulwa alifika na vumbi la mgodini bado liko kwenye nyusi. Mama mmoja wa Kizinza aliyekuwa anamuuguza mume wake alinigawia uji kila asubuhi bila kuniuliza natoka wapi. Sikuwahi kumshukuru vizuri. Siku aliyoondoka nilikuwa chumba cha upasuaji.

Waliniwekea chuma kwenye nyonga. Nikamwambia daktari akikaze kuliko kile cha bafuni. Alicheka, akadhani natania.

Nilirudi makao na maagizo. Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asilalie upande mmoja. Maagizo mazuri sana. Ila Suzana alikuwa peke yake kwenye zamu, na upande wetu ulikuwa na vyumba mpaka kule mwisho. Kumgeuza mtu mzima aliyevunjika nyonga kunahitaji watu wawili. Suzana alikuwa anakuja anapoweza, ananivuta kwa shuka, anaingiza khanga iliyokunjwa katikati ya magoti yangu, anasema "pole mama" na kukimbia kwa mwingine. Mimi simlaumu Suzana. Nawalaumu walioandika saa mbili bila kuuliza ni nani atakayegeuza.

Godoro lilikuwa jembamba na lina mfuko wa plastiki. Nilikuwa natoka jasho, jasho linabaki. Ngozi ya juu ya mkia wa mgongo ikaanza kuwaka moto, ikawa lengelenge, likapasuka. Mapaja yangu yaliyobeba masufuria ya wali wa watu hamsini yakalegea, ngozi ikaning'inia. Nikawa nasikia harufu. Mpishi anaijua nyama iliyokaa. Nilijua ni mimi kabla hawajaniambia.

Nikabonyeza kitufe. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza mpaka kidole kikaniuma. Suzana alipokuja kwa zamu yake ya kawaida nikamfokea, kwamba ni kiziwi au ni kiburi?

Akainamisha kichwa. "Mama, hakina waya. Fundi aliweka vitufe tu. Wakasema waya utakuja baadaye."

Kumbe nilikuwa nabonyeza ukuta.

Bibi Minza alikuwa anasikiliza. Alivuta ndoo ya bati iliyokuwa chini ya kitanda chake, akaigeuza, akaipiga kwa fimbo yake. Chumba kizima kililia. Suzana, ambaye alikuwa hajafika hata mlangoni, aliruka.

"Sasa tuna kengele," alisema Minza.

Tangu hapo ikawa hivyo. Mgongo ukiwaka nasema, "Minza," naye anashuka taratibu, anaitafuta ndoo kwa ncha ya fimbo, anaipiga. Hakuwahi kusema amechoka. Kuna siku nilimsikia anashusha pumzi kabla hajashuka, nikadhani ni uzee.

Mvua za kwanza zilipokuja tukaambiwa wakaguzi wanakuja kuangalia ubora na usalama wa makao. Shuka zikabadilishwa, bafuni likarudishwa bomba, mimi nikapakwa mafuta usoni kama bibi harusi. Mkaguzi alikuwa kijana mrefu, mpole, umri wa Kulwa wangu. Aliingia na matroni wetu nyuma yake.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

Akaonyesha kwamba na yeye ni mtoto wa nyumbani. "Mhola?"

"Mhola duhu," tukajibu wote wawili. Amani tu.

Sasa hapa ndipo lilipo kosa, na ni kosa la kwetu wote. Kwetu salamu haiishi pale. Salamu ni njia ndefu. Unauliza nyumba, unauliza watoto, unauliza ng'ombe, unauliza mvua, na yote yanajibiwa mhola, hata kama ng'ombe wamekufa. Ndipo mgeni akishakaa, akishakunywa maji, mwenyeji anakohoa kidogo na kusema: ila kuna jambo. Ugonjwa unasemwa baada ya ng'ombe. Yule kijana aliisikia mhola ya kwanza, akakiangalia kitufe cha kengele, akakigusa, akatia alama kwenye karatasi zake, akasema "asanteni sana wazee wetu" na kutoka. Mimi bado nilikuwa namngoja akae.

"Ameondoka hata hatujafika kwenye ng'ombe," alisema Minza.

"Kwa nini hukumwambia kuhusu ndoo?" nikamuuliza.

"Mgeni hapewi shida mlangoni, Mama Kulwa. Nyumba inayokulisha huivui nguo mbele ya watu."

"Basi endelea kuivisha. Mimi naoza."

Hatukusemezana mpaka jioni, lakini mgongo ulipowaka aliipiga ndoo.

Jumanne na Ijumaa muuguzi alikuja kuosha kidonda. Nilikuwa nazihesabu wiki kwa maumivu hayo, siyo kwa kalenda. Alikuwa anaingiza chachi ndani, na nilikuwa nahisi inaingia mbali kuliko inavyopaswa. Waliponirudisha hospitali, daktari alikichungulia kidonda, akamwita mwenzake naye akachungulia. Kikifika kwenye mfupa, akasema, hapo itakuwa habari nyingine. Nikamuuliza habari gani. Akasema tumwombe Mungu. Mimi nilikuwa nimeshamwomba Mungu. Pale nilikuwa namwomba daktari.

Kulwa na Doto wakaja siku moja, na ugomvi wao waliuanzia getini. Kulwa anataka kunichukua, lakini mke wake amesema hawezi kumwosha mkwe wake. Doto anasema nije Rwamgasa, lakini analala mgahawani, alfajiri yuko motoni, ni nani atanigeuza? Kulwa akamwambia mtoto wa kike ndiye anayemtunza mama. Doto akamwambia aliyenileta hapa ni nani. Walirushiana maneno juu ya kitanda changu kama vile mimi ni gunia la mpunga linalogombewa.

"Nigeuzeni kwanza," nikasema, "halafu mgombane."

Wakanigeuza. Doto akakiona kidonda, akatoka nje, nikamsikia analia kwenye maua. Kulwa alikwenda bafuni. Alirudi na vumbi la plasta kwenye viganja.

"Mama, lile bomba linacheza. Mgodini mti wa kuzuia ukuta wa shimo hatuuangalii kwa macho. Tunaupiga, tunausukuma, tunausikiliza, ndipo mtu anashuka. Hili la hapa nani alilisukuma?"

Akaenda kumwambia matroni. Matroni akamjibu kwa upole kwamba wakaguzi wameshapita na wameridhika. Kulwa alirudi kwangu ameuma meno. Nikamshika mkono. Nilikuwa naogopa kufa, na nilikuwa naogopa zaidi kufa huku imeandikwa mahali fulani kwamba Mama Kulwa ni mhola.

Basi nikaamua.

Mkaguzi alirudi wakati watu wako mabondeni wanapandikiza mpunga, kufuatilia tu, kama alivyosema. Suzana alikuwepo, anakunja nguo. Matroni mlangoni. Kijana akaja mpaka kitandani, akainama vizuri.

"Shikamoo, mama."

Nikanyamaza.

Alidhani sikusikia. Akaongeza sauti. "Shikamoo, mama."

Nikamwangalia usoni, nikanyamaza.

"Mama Kulwa," Minza akasema, "unaamkiwa."

"Nimesikia."

Wewe unayesoma unajua maana yake. Mtoto wa mtu anakuamkia, wewe mzee unamnyima marahaba. Hilo hufanyiwa mtu mliyegombana naye mpaka mwisho, au mtu unayemlaani. Suzana aliacha kukunja. Kijana akachuchumaa karibu na kichwa changu, jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Nikikuitikia utaniuliza habari. Ukiniuliza habari nitakwambia nzuri, maana ndivyo nilivyolelewa. Halafu utaondoka. Leo hatuanzi huko. Suzana, nifunue."

Matroni akasema, "Mama, hapana, huyu ni mwanaume." Nikarudia: nifunue. Suzana akanifunua.

Nilielekeza uso ukutani. Mume wangu tu ndiye aliyewahi kuniona hivyo, na hata yeye gizani. Sasa nimelala mchana kweupe, makalio wazi, mbele ya kijana wa umri wa mwanangu. Nililia, na sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa bei ya mtu kuniamini.

Kisha akasema, "Pole, mama," na sauti haikuwa ile ya kwanza.

"Bonyeza kitufe," nikamwambia.

Akabonyeza.

"Ngoja."

Akangoja. Tukangoja wote. Nje kulikuwa na mtu anachota maji, tukamsikia mpaka ndoo ikajaa. Hakuja mtu. Matroni akaanza kusema kitu kuhusu fundi, kijana akainua kiganja. Ndipo Minza, yule yule mwenye adabu zake, akashuka kitandani, akatafuta ndoo kwa fimbo, akaipiga kwa nguvu zake zote. Mpishi akaja mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi, akauliza ni nani amekufa.

Yule kijana hakuandika kitu. Alikwenda bafuni peke yake, na tukasikia chuma kinagonga sakafu.

Walipoondoka matroni alinirudia. "Umetuvua nguo, Mama Kulwa."

"Aliyevuliwa ni mimi," nikamwambia. "Ninyi bado mmevaa."

Doto naye akapiga simu, habari zilishamfika. Mama, kweli umewaonyesha watu baki makalio? Nikamwambia kweli, na yeye akiona mtu baki mwingine anayeweza kusaidia, amlete. Akacheka huku analia.

Akaja mhudumu wa pili kwenye zamu. Likaja godoro la upepo. Bomba la bafuni likachimbiwa na kujengewa kwa saruji, na Kulwa alikuja mwenyewe kujining'iniza juu yake kwa uzito wake wote. Nikawa nageuzwa. Jumanne na Ijumaa zikaanza kuwa fupi. Muuguzi akasema nyama inapanda, na chachi iliyokuwa inaingia urefu wa kidole ikawa inakaa juu. Pamba ilipochanua tena kidonda kilikuwa sawa na kucha. Wakati viazi vinaanikwa kuwa michembe nilisimama na fremu ya kutembelea, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi, nikajiona nimefika Mwanza.

Siku hizo nilikuwa nasikia harufu. Nikajiambia ni pua yangu imekariri, kidonda kimepona lakini pua haijaambiwa. Nikanyamaza, mimi niliyejidai nimeacha kunyamaza.

Mkaguzi akaja mara ya tatu. Safari hii aliniona nimesimama, akacheka kwa furaha hasa, akaniamkia, na mimi nikamwitikia marahaba ndefu, ile niliyomnyima. Kisha akamgeukia Minza.

"Shikamoo, bibi. Mhola?"

"Marahaba, mwanangu. Mhola duhu."

Akaanza kugeuka. Na mimi ile harufu ikanipiga tena, na safari hii niliiamini.

"Mfunue," nikasema.

Minza akaikamata shuka kwa mikono miwili. "Mimi sijambo. Mimi nina nini? Mwacheni mgeni aende."

Kijana akachuchumaa, akamwomba ruhusa kwa Kisukuma, taratibu, akauliza nyumba, akauliza watoto, akauliza ng'ombe ambao Minza hana tena. Mikono ya Minza ikalegea. Kijana alipofunua, kisigino cha kushoto kilikuwa cheusi, na weusi umeenea mpaka kwenye vidole. Mguu uliokufa ganzi hauumi. Lakini Minza alikuwa na macho, na pua, na alikuwa ameufunga mwenyewe kwa kipande cha khanga.

Ndipo nikakumbuka ile pumzi aliyokuwa anaishusha kabla ya kushuka kitandani. Mguu huo ndio aliokuwa anaukanyagia kila nilipomwita.

"Kwa nini hukusema?" nilimpigia kelele. "Umelala hatua chache kutoka kwangu, kwa nini hukusema?"

"Wewe ulikuwa unaumwa zaidi," alisema. "Tungelala wote wawili, nani angepiga ndoo?"

Nilikasirika na sijaacha kukasirika mpaka leo. Nimemkasirikia Minza, na nimejikasirikia mimi, lakini zaidi nawakasirikia wale walioonyeshwa mgongo mmoja wakatibu mgongo mmoja. Walitengeneza kitanda changu. Cha pili yake, hatua chache tu pembeni, hawakukifunua, kwa sababu aliyelala juu yake alisema mhola. Usalama wa nyumba nzima hauwezi kusubiri kila bibi alie kwa zamu yake.

Walimkata mguu chini ya goti. Amerudi, yuko hai, kanenepa kidogo, na bado anamkaribisha paka. Wazee wa vyumba vingine sasa wanakaguliwa ngozi kila wanapooga, na mhudumu anauliza kwa kuangalia, si kwa salamu. Vitufe bado havina waya. Ndoo iko kwangu, chini ya kitanda changu, na fimbo ya kuipigia sasa ninayo mimi.

Kila asubuhi naamka kabla yake, nashika fremu, nakwenda mpaka kitandani kwake.

"Mwangaluka, Minza."

"Mwangaluka, Mama Kulwa."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

"Haya. Nionyeshe mguu."